Kutolingana Si Kuibiwa: Jinsi ya Kulinganisha Hesabu za Chama Zilizo Katika Faili Tofauti

(Hii ni hotuba tuliyotoa mbele ya makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, hapa Kangemi, Nairobi. Tumeiandika karibu kama tulivyoisema, ili na wale ambao hawakufika wapate kuisoma na kuijadili katika vikundi vyao.)



Leo hatukuja kuwafundisha namna ya kuweka akiba. Hiyo mnaijua kutuliko. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo lakini limevunja vikundi vingi: hesabu za katibu zasema hivi, za mweka hazina zasema vile, nayo simu inasema lake. Wazee walituambia, mali bila daftari huisha bila habari. Ni kweli. Lakini siku hizi shida yetu imegeuka. Madaftari yamekuwa mengi, na kila moja lina habari zake. Sasa tushike lipi?

Tunaposema madaftari, tunahesabu pia yale ya kompyuta. Vikundi vingi sasa vina kijana mwenye laptopu, au huenda saiba kuandikiwa hesabu katika lahajedwali. Lahajedwali ni ile karatasi ya kompyuta yenye mistari na safu, kama lile daftari letu kubwa la hesabu, ila hii hujumlisha yenyewe. Excel ni mojawapo. Ni kitu kizuri. Lakini katibu akiwa na faili yake, mweka hazina yake, na simu ikaleta ya tatu, ni nani atakayezikutanisha?

KOSA LETU WENYEWE

Tutaanza na kosa tulilofanya sisi, kwa sababu ndilo lililotufundisha.

Kuna kikundi kimoja cha Kawangware tulichokuwa tukikisaidia. Jina tunaliacha. Kilikuwa na wanachama 42, na kila mmoja alitoa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa M-Pesa. Katibu, kijana mwenye bidii, aliandika michango katika laptopu yake. Mweka hazina alikuwa mama anayeuza mboga. Binti yake ndiye aliyemwandikia katika faili nyingine. Faili ya tatu ilikuwa taarifa ya simu, yaani orodha ya fedha zote zilizoingia na kutoka katika laini ya kikundi.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 tuliitwa tuangalie hesabu za mwaka 2023, maana wanachama walitaka kugawana faida. Katibu alikuwa na jumla ya shilingi 489,700. Mweka hazina alikuwa na shilingi 470,300. Tofauti ni shilingi 19,400.

Basi tukaketi watu wawili, mmoja anasoma jina katika faili hii, mwingine analitafuta katika faili ile. "Mama Brian, Machi, elfu moja." "Hayupo." "Tazama tena." "Kuna Rose, lakini sijui kama ndiye." Tulifanya hivyo usiku tatu, macho mekundu, na kila usiku tulipata jibu tofauti. Siku ya mkutano ilipofika hatukuwa tumemaliza. Mwenyekiti akatuuliza, "Haya, mmeona nini?" Nasi tukajibu mbele ya watu wote: "Kuna shilingi 19,400 zimepotea."

Ndugu zangu, neno hilo "zimepotea" tungelipa hata leo ili lirudi mdomoni. Hatukuwa tumeona kitu kilichopotea. Tulikuwa tumeona namba mbili zisizolingana, basi. Lakini watu wote waligeuza macho kwa yule mama. Hakusema neno. Alifunga mkoba wake, akatoka. Mkutano uliofuata hakuja, na sokoni watu walianza kununua mboga kwa jirani yake.

Baadaye tulirudia kazi ile, safari hii kwa utaratibu. Haikuchukua usiku tatu. Ilichukua alasiri moja. Tutawaambia tulichokuta, lakini kwanza tuwaeleze utaratibu wenyewe, ndio mtaelewa.

KWA NINI MAJINA HAYAFAI

Kosa la kwanza lilikuwa kulinganisha kwa majina. Sisi wanadamu tunajua kwamba Mama Brian, Rose na Rosemary ni mtu mmoja. Kompyuta haijui. Programu ya kwanza ya lahajedwali iliyouzwa kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitolewa mwaka 1979 na Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, na kazi yake ilikuwa kufanya hesabu upya kila namba moja ikibadilika. Haikutengenezwa kumtambua jirani yako. Ukiweka nafasi moja ya ziada baada ya jina, nafasi ambayo hata jicho halioni, kompyuta yaweza kusema huyu ni mtu mwingine.

Kwa hiyo tafuteni alama ambayo ni moja tu kwa kila malipo, na haibadiliki, aandike nani. Kwa bahati nzuri tunayo. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwezi Machi 2007 na Safaricom, kampuni yenye makao yake papa hapa barabara ya Waiyaki, kila malipo hupewa msimbo wake. Ni ile namba ya herufi na tarakimu inayotangulia ujumbe wa M-Pesa. Siku hizi ina nafasi kumi. Msimbo huo uko katika simu ya aliyelipa, uko katika simu ya aliyepokea, na uko katika taarifa mnayoletewa mkiiomba. Mambo matatu, alama moja. Hiyo ndiyo kamba ya kuzifunga faili pamoja.

Na fedha taslimu je? Hapo namba ya risiti ndiyo msimbo. Kitabu cha risiti chenye namba zilizopigwa chapa kinauzwa katika maduka ya vitabu, na si ghali. Fedha taslimu bila risiti haina alama yoyote, na baadaye itawasumbua. Mtaona.

UTARATIBU WA HATUA SITA

Hatua ya kwanza: msiguse faili za asili. Nakilini. Kisha wekeni nakala zote katika faili moja, kila moja kwenye ukurasa wake. Sisi tuliziita kurasa hizo Katibu, Mhazini na Simu. Kwa nini katika faili moja? Kwa sababu fomula kadhaa za Excel, kama zile mbili tutakazotaja, hukataa kusoma faili nyingine ikiwa imefungwa. Unafungua kesho yake unakuta makosa matupu, na kumbe hesabu haikuwa na shida.

Hatua ya pili: zifanyeni zifanane. Safu ziwe kwa mpangilio mmoja katika kila ukurasa: A iwe msimbo, B tarehe, C namba ya simu, D jina, E kiasi. Kisha safisheni. Hapa kuna mitego minne, na yote minne tumenaswa nayo.

Mtego wa kwanza ni nafasi zisizoonekana mbele au nyuma ya neno. Fomula =TRIM(A2) huziondoa.

Mtego wa pili ni namba za simu. Moja imeandikwa kwa kuanzia 07, nyingine kwa 254, na nyingine kompyuta imekula sifuri ya mbele kwa kuidhani ni hesabu. Chagueni mtindo mmoja.

Mtego wa tatu ni tarehe. 03/04/2023 kwetu ni tarehe tatu Aprili, lakini kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani huisoma kuwa tarehe nne Machi.

Mtego wa nne ni kiasi kilichoandikwa kama maneno. Mtu akiandika 1,000/= kompyuta huona maneno, si fedha, na inapojumlisha hukiruka kimya kimya. Mtaitambua vipi? Namba za kweli huegemea upande wa kulia wa kisanduku, maneno huegemea kushoto, isipokuwa mtu ameyasogeza mwenyewe.

Hatua ya tatu: kubalianeni siku ya kufunga. Faili zote ziishie siku moja. Hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, na tuna mfano nchi nzima iliuona. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 fomu za urais za kila kituo, zile zinazoitwa 34A, ziliwekwa katika tovuti ya tume ya uchaguzi, na kila mtu aliweza kuzitazama na kujumlisha. Vituo vilikuwa 46,229. Vyombo vya habari vilianza kujumlisha kila kimoja kivyake, na kwenye televisheni tukaona huku mgombea huyu anaongoza, kule anaongoza yule. Watu walishikwa na wasiwasi. Lakini fomu zilikuwa zile zile. Kila chombo kilikuwa kimeanza na fungu lake la vituo, na hakuna aliyekuwa amemaliza. Ukilinganisha jumla mbili ambazo hazijafika mahali pamoja, unalinganisha watu wawili walio njiani, mmoja yuko Uthiru, mwingine bado yuko Westlands, na wote wanaenda Kikuyu.

Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, pale mjini barabara ya City Hall, kazi moja iliyoagizwa ilikuwa hiyo hiyo tunayoizungumza leo: kuchukua fomu halisi na kuzilinganisha na zile za tovuti, kituo kwa kituo. Tarehe 5 Septemba 2022 mahakama ilitoa uamuzi wake, na juu ya jambo hilo ilisema haikuona tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Hapa hatuzungumzi siasa, ndugu zangu. Tunasema tu kwamba hata mambo makubwa ya taifa huangaliwa kwa njia hiyo: kila kituo na alama yake, karatasi kwa karatasi. Haitoshi kulinganisha jumla kwa jumla.

Hatua ya nne: hesabuni mistari kabla ya kujumlisha fedha. Kila ukurasa una malipo mangapi? Hili watu huliruka. Mwaka 2020, wakati wa korona, huko Uingereza majina ya wagonjwa wapya 15,841 yalikosekana katika hesabu za siku za kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Sababu ilikuwa mtindo wa zamani wa faili za Excel, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje, na waliokuwa karibu na wagonjwa wale walichelewa kuambiwa. Wale walikuwa wataalamu wa serikali! Basi tusione haya kuhesabu mistari yetu mara mbili, kabla ya kunakili na baada ya kunakili.

Katika kikundi chetu cha Kawangware, tulipotoa katika taarifa ya simu yale yasiyohusu michango, tulikuta hivi: ukurasa wa Katibu mistari 444, wa Mhazini 431, wa Simu 440. Tazameni jinsi hiyo peke yake inavyosema mengi. Tayari tulijua kuna mistari ambayo iko huku na haiko kule.

(Angalizo dogo: katika taarifa ya M-Pesa, fedha ikitumwa nje, ada yake huandikwa kwa mstari wake chini ya msimbo ule ule. Usije ukadhani ni malipo mawili.)

Hatua ya tano: acheni kompyuta itafute. Katika ukurasa wa Katibu, safu ya F, mstari wa pili, andikeni hivi:

=COUNTIF(Simu!A:A,A2)

Maana yake ni, "Nenda ukurasa wa Simu, hesabu msimbo huu umetokea mara ngapi." Kisha vuteni fomula hiyo hadi chini. Jibu likiwa 1, ni sawa. Likiwa 0, malipo haya hayako katika simu. Fanyeni hivyo hivyo kwa kila ukurasa dhidi ya mwingine, kwenda na kurudi. Kwenda na kurudi, tunasisitiza! Ukiuliza tu kama vya katibu viko kwa mweka hazina, hutaona vilivyo kwa mweka hazina visivyo kwa katibu. Na ili kuona kilichoandikwa mara mbili katika ukurasa mmoja, tumieni =COUNTIF(A:A,A2). Jibu likizidi 1, kuna pacha.

Kisha kwa misimbo iliyopatikana pande zote, linganisheni kiasi. Safu ya G:

=SUMIF(Simu!A:A,A2,Simu!E:E)-E2

Jibu likiwa 0, kiasi ni kimoja. Likiwa namba nyingine, hiyo ndiyo tofauti. Kompyuta ikilalamika kwa kuandika #VALUE!, basi kiasi cha mstari huo kimeandikwa kama maneno. Ule mtego wa nne, mnaukumbuka?

Hatua ya sita: toeni orodha ya visivyolingana peke yake. Mistari mia nne iliyo sawa iacheni ipumzike. Mbele yenu mtabaki na karatasi moja yenye mistari michache, na kando ya kila mstari andikeni sababu. Ikiwa hamjaijua, andikeni "bado haijajulikana". Msiandike neno jingine.

Hapo kuna ujanja wa wahasibu wa zamani. Mkiona kosa la mstari mmoja, gawanyeni tofauti yake kwa tisa. Ikigawanyika bila kubaki kitu, huenda mtu alipindua tarakimu: 5,400 badala ya 4,500, tofauti 900, na 900 kwa tisa ni 100 kamili. Si uthibitisho, lakini ni mahali pa kuanzia kutazama.

TULICHOKUTA KAWANGWARE

Sasa sikilizeni tulichokuta katika zile shilingi 19,400.

Kwanza, kulikuwa na malipo tisa ya shilingi 1,000 yaliyofika kati ya tarehe 24 na 31 Desemba. Katibu aliyaandika. Mweka hazina alikuwa amefunga faili yake tarehe 23, akaenda nyumbani kwa sikukuu. Fedha zilikuwa katika laini ya kikundi, hazikuguswa. Shilingi 9,000.

Pili, malipo matatu ya Mama Brian katibu aliyaandika mara mbili, mara moja kwa jina hilo na mara nyingine kwa jina la Rose, misimbo ile ile. Shilingi 3,000.

Tatu, yule binti wa mweka hazina aliandika malipo matano kwa mtindo wa 1,000/= na kompyuta ikayaruka. Shilingi 5,000.

Nne, katibu alipindua tarakimu za malipo moja: simu ilisema 4,500, yeye akaandika 5,400. Shilingi 900.

Jumlisheni: 9,000, 3,000, 5,000 na 900 ni 17,900. Ukitoa katika 19,400, zinabaki shilingi 1,500. Hizo zilikuwa mstari mmoja katika faili ya katibu, bila msimbo. Mwanachama mmoja mzee alisema alimpa mweka hazina fedha hizo mkononi, siku ya mazishi ya jirani. Mama alisema hakumbuki kupewa. Siku hiyo kulikuwa na watu wengi, na michango ya rambirambi ilikuwa ikipita mkono kwa mkono. Risiti haikuandikwa.

Na jumla ya kweli? Mkisahihisha faili ya mweka hazina inakuwa shilingi 484,300, sawasawa na simu, hadi shilingi ya mwisho. Ukweli ulikuwa katika simu muda wote ule. Sisi ndio hatukuwa tumeuliza vizuri.

Angalieni tena orodha hiyo. Makosa mawili yalikuwa ya katibu, ambaye hakuna aliyemshuku. Moja lilikuwa la maandishi ya binti. Moja halikuwa kosa kabisa, ni kalenda tu. Na zile 1,500 hadi leo hakuna anayejua. Kikundi kiliamua kumhesabia mzee yule mchango wake, wakaandika katika kitabu cha mikutano kwamba "haijathibitishwa", na kuanzia siku ile hakuna fedha taslimu inayopokewa bila risiti, hata kama ni msibani.

Tulirudi mbele ya mkutano, tukasoma orodha yote, tukamwomba mama yule msamaha kwa sauti, kama tulivyomwaibisha kwa sauti. Alipokea. Alirudi katika kikundi na bado ni mwanachama. Lakini kazi ya kuweka hazina aliikataa. Alisema, "Nimewasamehe, lakini kitabu mpeni mwingine." Kikundi kikampoteza mtu mwaminifu kwa sababu ya neno moja tulilolisema kabla ya kumaliza kazi. Alasiri moja ya kazi nzuri iliondoa mashaka. Haikuondoa ile siku aliyofunga mkoba na kutoka.

KAMA HAMNA KOMPYUTA

Tunajua wengine mnajiuliza, "Sisi kijijini stima yenyewe haijafika, tutafanyaje?" Msihofu. Utaratibu ni ule ule, kompyuta huuharakisha tu.

Chukueni kitabu cha katibu na cha mweka hazina. Mmoja asome msimbo na kiasi, si jina. Mwenzake akiona vyote viwili, kila mmoja atie alama ya penseli katika kitabu chake. Mkimaliza, tazameni mistari isiyo na alama katika vitabu vyote viwili. Hiyo ndiyo orodha yenu. Mkifanya kila mwezi, mtakuwa na mistari arobaini hivi, kazi ya nusu saa kabla ya chai. Mkingoja Desemba, mtakuwa na mia nne, na watu wenye haraka ya kwenda nyumbani.

MAMBO YA KUSHIKA

Kabla hatujaketi, tuseme mambo matatu kuhusu watu, maana hesabu zina watu ndani yake.

La kwanza, mweka hazina na katibu wote wawepo wakati wa kulinganisha. Msilinganishe hesabu za mtu mgongoni pake. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayesema, "Aa, hiyo naijua," na mambo yakaisha.

La pili, msirushe faili nzima katika kundi la WhatsApp. Ndani yake kuna namba za simu, labda na za vitambulisho. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata kama isingekuwapo, habari za jirani si za kusambazwa. Someeni mkutano jumla na orodha ya visivyolingana. Mwanachama akitaka kuona mistari yake, aonyeshwe yake.

La tatu ndilo tulilokujia. Hesabu zikikataa kukutana, semeni, "Hazilingani." Msiseme, "Zimepotea." Msiseme, "Zimeliwa." Kama kweli kuna aliyekula, orodha itamwonyesha, mstari kwa mstari, msimbo kwa msimbo, naye hatakuwa na pa kujificha. Na kama hakuna, mtakuwa hamjamvunjia mtu heshima yake.

Chai iko tayari. Baada ya chai tutafungua laptopu, na kila kikundi kitajaribu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, hesabu za michango ziko katika vitabu au faili ngapi? Nani anazishika?

2. Je, kila malipo tunayoandika yana msimbo au namba ya risiti? Ya taslimu tunaifanyaje?

3. Mara ya mwisho hesabu zetu hazikulingana, tulitumia maneno gani mbele ya mkutano? Je, kuna mtu tunayepaswa kumwendea?

4. Tunaweza kuchagua siku gani ya kila mwezi iwe ya kulinganisha vitabu?